Siku ya Pasi

Tarehe 6 Februari

Shangazi,

Nimeiba siku yako. Sijamwambia mtu mwingine, si Mama wala Baba. Nimeanza na hilo kwa sababu ninajijua: ningeanza na salamu, karatasi ingekwisha bado nauliza habari za magoti yako. Basi shikamoo, Shangazi. Sisi ni wazima. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya gundi ya viatu.

Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa na miaka sita. Wewe ndiye uliyeniita Sisimizi, kwa kuwa nilikuwa nikiokota makombo ya mkate chini ya mabenchi baada ya ibada. Jina limeganda. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na kwa sasa nakaa na Baba kibandani nikipaka uzi nta na kung'oa misumari kwenye soli za zamani. Anwani yako nimeitoa nyuma ya barua unayomwandikia Baba kila mwaka.

Mambo yalianzia kwa mchwa. Waliingia kwenye kabati la chumba cha ibada wakakila Kitabu cha Siku, jalada na kurasa nyingi pembeni. Desturi haijabadilika tangu uondoke: anayetaka kubatizwa husimama mbele ya ndugu wote, akasimulia siku aliyoitwa, alikuwa wapi na alikuwa akifanya nini, na siku yake ikaandikwa vilevile alivyoisema. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, na kwa kuwa sina mdomo wa kukataa, nilipewa kazi ya kunakili kitabu chote kwenye daftari jipya. Bibi Miwani, ambaye bado ndiye anayetufundisha wasichana, alicheka akasema walichokula mchwa atakirudisha sisimizi.

Kwa hiyo nimesoma siku za watu wote. Fundi saa aliitwa akiwa juu ya ngazi, akashuka bila kukumbuka alichopandia. Yule mama muuza mkaa aliitwa akigombana na mwenye nyumba wake, akanyamaza katikati ya tusi. Ya Mama ni mistari miwili tu: alikuwa akisoma Zaburi jioni, akasadiki. Nilisikitika kidogo. Ilikuwa kama mtu aliyeulizwa jina lake akataja namba ya mlango.

Yako nilikuwa nimeikuta kurasa chache kabla ya hapo. Ulisema ulikuwa ukipiga pasi shati, na mvua ilikuwa ikipiga bati hata mtu angekuita usingemsikia. Ndani ya kelele zile ukasikia kimya. Ukaiweka pasi kando, ukajua kwamba kuna anayekujua. Nimeisoma mara nyingi mpaka sihitaji kitabu.

Wazee waliniambia nisiwanakili walioondoka. Daftari likikamilika, kitabu cha zamani kitachomwa. Nilifikiri, basi siku nzuri kuliko zote inakwenda kuwa jivu, na haina mwenyewe wa kuitetea.

Na mimi sina siku. Nimeitafuta, Shangazi. Nimeamini tangu kabla sijajua kufunga vifungo. Wenzangu wawili nitakaobatizwa nao wana siku zao. Mmoja aliitwa ndani ya chumba cha mtihani wa hesabu, na bado akafeli. Mimi kila nikirudi nyuma naikuta imani imeshafika kabla yangu, imekaa.

Jumapili hii nikaitwa kusimama. Unakijua chumba chetu: mabenchi manne yanatazamana, hakuna mimbari ya kujificha nyuma yake, hakuna kinanda cha kukuokoa, na kimya chenyewe ni kile ambacho tumbo likinguruma wote wanajua la nani. Nilifungua kinywa kusema kwamba sina siku. Nikajisikia nasema mvua ilikuwa ikipiga bati.

Niliisema yote. Maneno yako yalinishika mkono. Mimi ambaye nikitumwa dukani nafanya mazoezi njia nzima ya kusema "naomba sabuni", nilizungumza mbele ya watu arobaini bila kutetemeka. Bibi Miwani alivua miwani akafuta macho. Kisha nikaambiwa niandike siku yangu daftarini, kwa kuwa mwandishi ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu.

Ubatizo ni tarehe 17 Machi. Jumapili kabla yake tunatawadhana miguu na kumega mkate, na nitaulizwa swali lile, "Kuna kitu kati yetu?" Nitajibuje "Hakuna", wakati kitu kipo kati yangu na mabenchi yote manne?

Nakumbuka siku ambayo wewe na Mama mlitoka nje barazani, kama wanavyotoka wawili mmoja wao akijibu "Kipo". Desturi ni kwamba mkate haumegwi mpaka wapatane warudi, basi tulisubiri mpaka ukakauka juu. Mama alirudi peke yake. Viatu vyako vilikuwa bado chini ya benchi, kwa kuwa ulikuwa umevivua utawadhwe. Uliondoka peku. Baba anavyo mpaka leo kwenye rafu ya juu kabisa, amevifunga ndani ya shati kuukuu lililoungua mgongoni, na kila mwaka huvishusha akavipaka mafuta ngozi isipasuke. Mteja akivitamani huambiwa vina mwenyewe.

Nisamehe au unikemee, lakini niambie la kufanya.

Mwanao,
Sisimizi


Tarehe 16 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba. Magoti yangu hayajambo, moja kuliko jingine. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekalia rundo la shuka, maana kazi yangu ni dobi wa hospitali. Tuna mashine mbili za kufulia, moja nzima na moja mwendawazimu, na hiyo mwendawazimu ndiyo inayonipenda. Wenzangu waliniona nacheka, kisha wakaniona sicheki, wakauliza kama nimefiwa. Nikawaambia nimeandikiwa na mdudu.

Sasa sikiliza. Hukuiba kitu. Nguo niliyoiacha kwenye kamba miaka kumi na miwili, nikisikia mtu ameianua sitamwita mwizi. Nimekupa, ivae. Batizwa, mwanangu, na usimsumbue mtu. Hao arobaini wamefurahi, waache na furaha yao. Ukianza kuvuta uzi mmoja utajikuta umeshika mkono wa gauni.

Usimwambie mama yako kwamba umeniandikia. Si kwamba namwogopa. Basi, namwogopa kidogo.

Una maswali mengi nami nina mawili tu. Mama yako alikuwepo ulipokuwa ukisimulia? Alifanya nini? Nijibu hilo upesi.

La pili, hilo shati ambalo kaka amefungia viatu vyangu ni la rangi gani?

Shangazi yako


Tarehe 25 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Shati ni la buluu, lina mistari myembamba ambayo karibu imefutika. Alama mgongoni ni ya pasi ya mkaa, imekamilika mpaka ncha, kama mashua ndogo. Sijui kwa nini umeuliza hilo kabla ya kuuliza kama nalala.

Mama alikuwepo. Alikaa benchi la mbele yangu, mikono mapajani. Nilipofika kwenye mvua aliinua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni, akageuka kutafuta ni nani anayeita, kisha akaona ni mimi. Jumatatu aliwasha pasi akapiga nguo zote za nyumba. Alipozimaliza akapiga mataulo, kisha matambara ya jikoni. Baba alichungulia mlangoni akaniambia nikae mbali, nisije nikapigwa pasi na mimi.

Nilijikaza nikamuuliza kama ushuhuda wangu ulikuwa mzuri. Alisema ulikuwa mzuri. Akakunja tambara, akasema tena, "Siku zote ulikuwa mzuri." Sikuelewa, na hakunipa nafasi ya kuuliza.

Asante kwa kunipa siku yako. Nimejaribu kuivaa, lakini nikitembea nayo naona inanipwaya, nami nailinda isianguke mbele za watu. Wiki hii Bibi Miwani alitufundisha kwa nini sisi hatuapi. Alisema mwenye kuapa amekiri kwamba ana kweli mbili, moja ya kila siku na moja ya sherehe. Niliangalia vidole vyangu mpaka kipindi kikaisha. Hata kibandani mambo ni hayo. Mteja akiuliza kama viatu vitakuwa tayari Alhamisi, Baba husema hajui, atajaribu. Mteja anavuka barabara kwenda kwa fundi mwingine, ambaye humwapia kwa kaburi la mama yake kuwa ni kesho asubuhi, na mama mwenyewe yuko hai, huja kila mchana kumletea chakula. Baba anapoteza mteja kila wiki kwa ajili ya neno "sijui", na mimi nimesimama mbele ya Mungu nikajua nisichokijua.

Kuna jambo linalonitisha zaidi. Tangu nimalize shule nimehamia benchi la akina dada, na nafasi yangu ni karibu na Mama. Tarehe 10 Mama ndiye atakayepiga magoti mbele yangu na beseni. Mtu mwingine pengine ningemwambia "Hakuna" huku nimefumba macho. Mama siwezi.

Niambie, Shangazi. Siku ile, ni nani kati yenu alisema "Kipo"? Na kilikuwa nini, hata ukaona heri kutembea mjini bila viatu kuliko kurudi ndani?

Mwanao,
Sisimizi


Tarehe 5 Machi

Mwanangu,

Barua yako imenikuta kazini. Nimeichukua nikaingia chumba cha kukaushia, ambako hakuna mtu anayekaa kwa hiari, na nimeandika hii humo humo. Ukiona karatasi imejikunja ni joto.

Kwanza nisamehe kwa barua yangu ile ya mzaha. Mzaha ni beseni langu, naficha miguu humo.

Siku ile si yangu. Nisingeweza kukupa, kwa kuwa sikuwa nayo. Ni ya mama yako.

Alikuwa bibi arusi mgeni kwetu, ana haya kuliko wewe, na wewe umo tumboni. Alipiga pasi shati la kaka, mvua ikanyesha, na ikawa hivyo ulivyosoma. Jioni alinisimulia mimi peke yangu, kwa kunong'ona, tukimenya viazi. Alisema hajamwambia mumewe, anaogopa kuiharibu kwa maneno. Mimi nilikuwa nimeandikishwa kubatizwa mwezi ule na nilikuwa kama wewe, sina kitu. Nilikuwa na sauti kubwa, nilikuwa naongoza nyimbo, kila mtu alidhani siku yangu itakuwa ya radi. Nilisimama, na kilichotoka kinywani kilikuwa pasi na mvua. Nilimwona wifi yangu akiniangalia. Miezi mitatu baadaye zamu yake ikafika, akasema alikuwa akisoma Zaburi jioni.

Ile mistari miwili uliyoisikitikia, mwandishi wake ni mimi.

Miaka sita tulitawadhana miguu, na kila nilipomuuliza alisema "Hakuna". Kisha siku moja akasema "Kipo". Tulipofika barazani aliniambia maneno matatu: "Nataka siku yangu." Nilijua maana yake. Alitaka nirudi ndani nisimame mbele ya wote, nijivue nguo. Mimi kiongozi wa nyimbo. Nilitazama mlango, nikatazama barabara, nikashuka ngazi. Changarawe za pale mbele bado nazihisi.

Tangu hapo sijakaa katika kimya cha watu. Jumapili huwa naomba zamu. Nimezoea kelele za mashine, na ninajua kwa nini.

Lile shati ndilo lenyewe. Kitabu kinasema pasi iliwekwa kando. Hilo nililiongeza mimi ili lipendeze.

Sasa nakuomba: tarehe 10 usisubiri kuulizwa mara mbili. Sema "Kipo". Usikimbie. Mimi najua barabara ile inafika wapi.

Usiponipenda tena, nitaelewa.

Shangazi yako


Tarehe 11 Machi

Wifi,

Salamu. Natumaini u mzima.

Mimi si mwandishi. Fundi anasema miguu ya mtu hupanuka kadiri miaka inavyokwenda, na ngozi iliyokaa bila kuvaliwa husinyaa, kwa hiyo viatu haviwezi kuwekwa kwenye kalibu ya mbao vipanuliwe bila kipimo kipya. Kanyaga karatasi, uzungushe penseli, utume. Miguu yote miwili, kwa sababu haifanani.

Mtoto hajambo.

Wifi yako


Tarehe 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu sijaijibu barua yako, na si kwa hasira. Mama aliniambia, "Umeshaandika vya kutosha, sasa acha wakubwa." Nilitii mpaka jana, zilipofika karatasi za miguu yako, na ninaona utii wangu umeishia hapo.

Barua yako ya tarehe 5 ilifika Jumanne tarehe 12. Jumapili ilikuwa imeshapita. Sikuwa na shauri lako wala sikujua lolote kuhusu siku ile. Nakueleza ilivyokuwa.

Tuliimba wimbo mmoja, tukanyamaza. Mabeseni yakaletwa. Mama alipiga magoti mbele yangu, akaukamata mguu wangu wa kulia, akauosha, na mikono yake ilikuwa ya moto kuliko maji. Akauliza, "Kuna kitu kati yetu?" Nikasema "Kipo". Kwa sauti yangu hii ndogo, Shangazi, lakini katika chumba kile sauti ndogo haipo. Maji yalisimama kwenye mabeseni yote. Nilitoka barazani mguu mmoja mbichi na mmoja mkavu.

Nilimwambia siku niliyosimulia si yangu. Akasema, "Najua." Nikasema nimeiiba kitabuni, ni ya Shangazi. Alizitazama zile ngazi. Kisha akasema, "Pasi haikuwekwa kando. Ilibaki juu ya shati mpaka likaungua."

Nikamwambia, lakini Shangazi alisema aliiweka kando.

"Hakuwepo," Mama akasema.

Sikuhitaji zaidi. Nililiona lile shati la rafuni kama limetundikwa mbele yangu. Nimelipangusa vumbi tangu nina miaka saba.

Nililia, naye akanifuta kwa taulo la miguu, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Kisha akanieleza jambo ambalo nimekuwa nikilirudia kichwani tangu barua yako ifike, kwa kuwa ninyi wawili mmekaa miaka kumi na miwili kila mmoja na nusu yake. Wewe unasema alitaka usimame mbele ya wote. Mama hakutaka hivyo. Barua yako ilipofika nilimuuliza tena, akanishangaa. Alisema, "Nilitaka aniambie mimi tu. Palepale barazani. Aseme 'Wifi, siku ile ni yako', tungerudi ndani tukale mkate." Angekuacha na ukurasa wako. Alisema aliposhika mlango kukuita ulikuwa umeshafika kona, na yeye ni mtu wa haya, hakuweza kupiga kelele barabarani siku ya ibada.

Mlisubiriana, Shangazi. Na sisi tulikuwa ndani tunawasubiri.

Siku ile barazani nilimuuliza sasa nifanye nini na yangu. Alisema, "Yako sema unavyoweza. Yetu niachie." Basi tukarudi. Nilisimama kabla sijakaa, kwa sababu ningekaa nisingeinuka tena. Nilisema sina siku, na niliyoisimulia ni ya mtu mwingine. Nilitetemeka mpaka benchi likatetemeka nami. Fundi saa akauliza ni ya nani. Nikasema hilo sitasema. Akasema kitabu lazima kiwe na siku, ndivyo tulivyofanya tangu mwanzo, na ndugu wengine wakaguna kwamba ni kweli.

Halafu Bibi Miwani, aliyekuwa na mguu ndani ya beseni la mwenzake, akawauliza ndugu wanaume ni nani kati yao anaikumbuka siku aliyomjua mama yake mzazi. Akawasubiri. Unajua jinsi watu wetu wanavyojua kusubiri. Hakuna aliyeinua mkono. Fundi saa aliitazama saa ya ukutani, ambayo huitengeneza yeye na bado huchelewa.

Hawajakata shauri. Wameomba muda mpaka Juni. Tarehe 17 wenzangu wawili walibatizwa, na mimi nilisimama ukingoni nimeshika mataulo yao. Sitakuficha, iliniuma. Yule wa mtihani wa hesabu alipotoka kwenye maji alinikumbatia akanilowanisha kuanzia kichwani, akasema basi ya kwako imeanza. Daftarini nimekata mstari wangu wa uongo kwa rula, na chini yake nimeacha nafasi. Wengine hawaniangalii kama zamani. Wengine wananiangalia kwa mara ya kwanza. Nikitumwa sabuni bado nafanya mazoezi njiani, hilo halijabadilika.

Umeandika kwamba nisipokupenda tena utaelewa. Sielewi jinsi ya kufanya hivyo. Niliiiba siku ileile kwa kinywa kilekile cha familia. Kama ni kosa, tumelirithi kama vidole vya miguu.

Na sasa ndilo ninalokuandikia, ambalo Mama hajui na Baba hajui.

Karatasi zako zilipofika Baba alizitandaza kwenye meza ya kazi, akapitisha kidole kwenye mstari wa penseli polepole. Alisema mguu wa kushoto umepanuka kuliko wa kulia, ni wa mtu anayesimama kutwa nzima. Akaviteremsha viatu, akafungua shati, akalikunja upande ule wa alama bila kuutazama. Siwezi kusema kama anajua. Baba hujua mengi, husema "sijui". Viatu viko kwenye kalibu tangu jana, anavipanua kidogo kidogo.

Mama alikwenda kwa Bibi Miwani akaomba nafasi za kukaa zibadilishwe ifikapo Juni. Dada anayekaa kulia kwake ahamie karibu na mlango. Alisema ni kwa ajili ya upepo wa dirishani. Shangazi, dirisha lile limepigiwa mbao tangu nizaliwe. Bibi Miwani aliandika tu. Kwa hiyo kuna nafasi ya mtu mmoja kulia kwa Mama, tarehe 9 Juni, na hakuna anayekuita kwa jina, na hakuna atakayekuita, kwa sababu Mama anaamini mtu hatawadhwi miguu kwa kuvutwa. Lakini nafasi ipo. Nimeipima, unaenea.

Kitabu cha zamani kilichomwa Jumamosi. Kabla ya hapo Mama alikuja chumba cha ibada na ndoo na tambara, eti kufuta kabati. Alikifungua kwenye ukurasa wako, akasoma kwa kidole mpaka mwisho, akautoa taratibu ukingoni ambapo mchwa walikuwa wameshalegeza. Niliona kwenye kioo cha kabati. Nilidhani ameuchukua ili autunze, hatimaye siku yake.

Leo asubuhi Baba alikuwa kwa muuza ngozi, Mama akaingia kibandani. Unajua viatu vinavyosubiri mwenyewe hujazwa magazeti vidoleni visipoteze umbo. Alitoa kalibu kwenye kiatu cha kushoto, kile cha mguu uliopanuka. Akaukunja ule ukurasa mara nne, akausukuma mpaka ndani kabisa kwenye ncha, akafunika na gazeti, akarudisha kalibu. Kisha akaniuliza kwa sauti kama chai imechemka.

Sijui kama amekurudishia au amekupa. Hilo mtaulizana wenyewe.

Siku utakapoingiza mguu ukahisi karatasi, usiseme kwamba Sisimizi alikuambia. Sikuombi useme uongo, najua sisi hatusemi, ingawa familia yetu imejaribu. Nakuomba unyamaze tu. Keti pale kulia kwa Mama, vua viatu, subiri beseni, na barua hii usimwonyeshe mtu, hata ile mashine mwendawazimu.

Mwanao,
Sisimizi